Kibaba cha Maji ya Udhu

Nilizaliwa Ndau, kisiwa ambako maji hayakuuzwa kwa kuwa hakuna aliyekuwa nayo ya kuuza. Tulikuwa na jabia, yaani tangi la mawe na chokaa lililokinga maji ya mvua, na mvua ikishapita tulikuwa tukiteka kwa zamu mpaka Mwenyezi Mungu alete nyingine. Marehemu baba yangu, aliyekuwa akisomesha watoto Qurani, alinifunza kutawadha kwa kata moja, na kata yenyewe ni kifuu cha nazi kilichotiwa mpini. Kata moja kwa uso, mikono, kichwa na miguu, na yakibaki matone unayapeleka kwenye mche wa mpilipili. Sikujua kuwa huko ni kubana. Nilidhani ndivyo maji yalivyoumbwa, kidogo kidogo.

Basi nilipoolewa Lamu mjini, katikati ya miaka ya hamsini, nilistaajabu sana. Nyumba ya wakwe zangu ilikuwa Langoni, nyembamba na ndefu kwenda juu. Chini palikuwa na karakana ya baba mkwe, nyuma yake ua wa ndani, na ndani ya ua kisima. Kisima cha nyumba, usiku na mchana, hakina zamu wala ufunguo. Maji yake yalikuwa na munyu kidogo, hayanyweki, lakini kwa kuoga na kufua hayakuwa na kasoro. Ya kunywa tulinunua debe moja kwa siku kwa mchukuzi wa maji, aliyekuwa akiyaleta kwa punda kutoka visima vitamu vya upande wa Shela.

Chooni palikuwa na birika la kujengwa ukutani, likijazwa kila asubuhi kwa ndoo za kisimani. Siku yangu ya kwanza nilichungulia ndani nikaona samaki wawili wadogo wanaogelea. Nilimwendea mama mkwe nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba kuna kitoweo kimesahauliwa chooni. Alicheka mpaka akakaa chini. Samaki wale kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu, na walikuwemo katika nyumba ile miaka mitatu kabla yangu.

"Wakubwa zako hao," aliniambia. "Waamkie."

Katika nyumba ile ngazi zilioshwa asubuhi na jioni. Asumini ya uani ilinyweshwa kama mgeni wa heshima. Mtu akitoka sokoni alimwagiwa maji miguuni kabla ya kuulizwa hali. Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa nikiota kwamba jabia la kwetu linavuja na mimi ndiye niliyelitoboa.

Lakini hakuna aliyetumia maji kama baba mkwe. Alikuwa seremala wa milango na vitanda, mtu mpole, mwenye elimu ya dini na sauti ya kusoma Qurani iliyowafanya wapita njia kupunguza mwendo. Alikuwa na mtihani mmoja tu: wasiwasi wa udhu. Mwenye wasiwasi huo huosha mkono mara tatu kama ilivyo sunna, kisha hujiuliza kama kweli ameosha tatu au mbili, na kama maji yamefika kiwikoni au yameishia karibu na kiwiko, basi hurudi mwanzo. Baba mkwe alikuwa akirudi mwanzo mara tano, mara sita. Sisi wa juu tulikuwa tukisikia kopo linachota na maji yanaanguka, linachota na yanaanguka, kama kwamba kuna mvua chooni peke yake.

Mama mkwe aliishi na mvua hiyo miaka thelathini. "Bwana," alikuwa akimwambia kutoka ngazini, "mkono huo umetahirika tangu jana. Upe mwenzake nafasi."

Ajabu ni kwamba karakanani hakuwa hivyo hata kidogo. Ubao aliupima mara moja, akatia alama kwa kalamu ya risasi aliyoiweka sikioni, akakata. Sikuwahi kumwona akiupima tena. Mtu yule yule, mikono ile ile.

Msikitini hakupenda kutawadha, maana birika la msikiti hutiwa mikono na kila mtu, na tena nyuma yake palifanyika foleni na masihara. Kwa hiyo alitawadha nyumbani, na kwa hiyo alichelewa. Msikiti wetu mdogo ulikuwa karibu mno, dirisha letu la juu lilitazama mlango wake, na mara nyingi nilimwona akivuka uchochoro mbio mbio, kanzu ikimnata miguuni kwa maji, na watu wameshamaliza rakaa mbili.

Mwaka huo, wakati wa kaskazi, imamu wa msikiti aliandikiwa kwenda Mombasa kutibiwa macho. Angekaa huko miezi miwili au mitatu, na alitaka baba mkwe amshikie nafasi yake. Hakuna mtaani aliyesoma vizuri zaidi. Wazee wa msikiti walikubali kwa sharti moja, nalo halikuwa la ubaya: kabla ya imamu kuondoka, baba mkwe asalishe alasiri kila siku, wao waone kama atafika kwa wakati. Wenye maduka walikuwa wanafunga milango kuja kusali, hawakuweza kukaa wakimngojea mtu aliyeko chooni. Ikama, ule wito wa kusimama kusali, ikikimiwa naye hayupo, muuza kahawa wa pembeni angesalisha. Huyo alikuwa mtu mwema aliyesoma sura zile zile mbili, kila siku, kwa haraka ya mtu aliyeacha jiko linawaka. Ambaye angeonekana kuwa wa kutegemewa ndiye angeachiwa msikiti.

Baba mkwe aliporudi alitupa habari hiyo. Aliosha kofia yake mpya, akaianika, akakaa mbele yake kuitazama ikikauka. Mama mkwe aliniambia jikoni kwamba tangu ujana wake mume wake hakuwa ameomba jambo jingine la dunia ila hili, na hili si la dunia.

Siku nne za kwanza muuza kahawa alisalisha.

Siku ya tano paka aliingia kisimani.

Langoni paka ni wengi kuliko watu, na huyu alikuwa na tabia ya kuwinda kunguru kwenye ukingo wa kisima. Tulimkosa, hatukumtafuta, na tulipomkumbuka ilikuwa pua ndiyo imetukumbusha. Maji yakiwa mengi hayanajisiki kwa kitu kidogo, lakini yakibadilika harufu hakuna mjadala tena. Baba mkwe aliinama kisimani, akanusa, akatoa hukumu papo hapo bila wasiwasi wowote. Kisima kikakaushwa chote, na fundi aliposhuka kukisafisha, upande mmoja wa ukuta wake ukamporomokea miguuni. Alitoka salama, alhamdulillahi. Akasema itabidi ungojewe mzigo wa mawe na chokaa, na mawe na chokaa vilikuwa vinangojewa na mji mzima.

Majirani walitupa maji kwa siku kadhaa, kwa moyo safi, mpaka sisi wenyewe tukaona haya. Kiangazi kilikuwa kikali, visima vyao pia vilikuwa vinashuka. Ikawa hapana budi: maji yote ya nyumba, ya kunywa na ya kuogea, ya vyombo na ya udhu, yanunuliwe kwa debe.

Debe lilikuwa peni moja. Wiki haikwisha, mchukuzi akasimama mlangoni na kusema limekuwa peni mbili. Mama mkwe alizungumza naye akiwa nyuma ya mlango, kama ilivyokuwa desturi, na mimi nikiwa nyuma ya mama mkwe.

Alimwuliza maji yamezidi nini hata yazidi bei. Mchukuzi akaeleza kwamba visima vya mchangani vinatoa pole pole, anapanga foleni tangu alfajiri, na safari zilizokuwa sita sasa ni tatu.

"Na punda wako je, nao wamepandisha?" aliuliza mama mkwe.

"Punda hawajui bei, Bi mkubwa," alisema. "Wanajua uzito tu. Ndiyo maana naongea mimi."

Siku hizi nasikia wasomi wakisema kwamba maji yakipanda bei watu wataacha kuyachezea. Ni kweli, mimi nimeyaona kwa macho yangu, katika nyumba moja, ndani ya wiki mbili. Ngazi ziliacha kuoshwa, na hakuna aliyefariki. Asumini ilianza kunywa maji yaliyooshewa mchele, ikachanua vile vile. Nguo zilifuliwa mara moja badala ya mbili, na leso zilipumzika kabatini. Vyombo tulivisugua kwa jivu na kuvisuuza kwa kata, kama kwetu Ndau, na mama mkwe, ambaye mwanzo aliniona bahili, akaanza kunituma nimwonyeshe. Hata wale samaki wawili walihamishiwa kwenye bakuli na kugaiwa fungu lao. Kila asubuhi mama mkwe aligawa kwa sauti: hili la chai, hili la chungu, hili lako, hili langu, hili la mume wako, hili la wakubwa zako.

Chai haikupungua hata kikombe. Bei ingefika shilingi tungekunywa chai.

Lakini niliona na jingine. Nyuma yetu alikaa mjane mwenye chumba kimoja, na matumizi yake yote tangu awali yalikuwa debe moja. Yeye hakuwa na ngazi za kuacha kuosha. Bei ilipopanda hakuwa na la kupunguza ila koo lake. Mama mkwe alipogundua alikuwa akimpelekea nusu debe kila siku ya pili, akijidai limebaki. Halikuwa limebaki.

Sasa turudi kwa baba mkwe, maana yeye ndiye aliyekuwa na jambo la kupoteza.

Sote tulidhani bei itamponya. Mama mkwe aliniambia waziwazi kwamba mara hii Mwenyezi Mungu amemletea dawa kwa mgongo wa punda. Na siku tatu za kwanza ilionekana hivyo. Baba mkwe aliingia chooni na fungu la nyumba, akajaribu, tukamsikia anajaribu. Kisha wasiwasi ulimshinda, akamaliza fungu lake, akamaliza na la mwanawe, mume wangu, akatoka akiwa na haya hata hakututazama. Alasiri ilikuwa imeshasaliwa. Muuza kahawa alikuwa amesharudi kwenye jiko lake.

Jirani mmoja alimshauri aende pwani. Bahari ipo, alisema, maji yake yanajuzu kwa udhu, na hakuna anayeyatoza. Baba mkwe akaenda mara tu baada ya adhuhuri, apate nafasi. Alisimama majini mpaka magotini akaanza. Alirudi jua limeshainama. Mama mkwe alimwuliza vipi bahari.

"Ilikupwa," alisema. "Ikaniacha nimesimama kwenye tope."

Mama mkwe hakuwa mtu wa kununa, lakini siku hiyo alikuwa amechoka, na fungu la maji ya chungu lilikuwa limekwenda chooni. Akasema neno ambalo baadaye alilijutia. "Bwana, maji haya ni ya watu wanne na samaki wawili. Ukitaka zaidi ya fungu lako, nunua yako."

Baba mkwe alilipokea neno lile kama faraja. Asubuhi yake alitoa pesa mfukoni mwake mwenyewe, pesa za kitanda alichokuwa amekimaliza, akanunua madebe matatu, yakapangwa chooni ukutani. Na hapo ndipo mvua iliponyesha kweli. Mwanzo alikuwa akiosha kwa haya. Kila kopo alilozidisha alijua linatoka katika kinywa cha mtu. Sasa haya haikuwapo. Maji ni yake, ameyalipia, hamdhulumu mtu, na kila akijiuliza kama kiwiko kimelowa alikuwa na debe zima la kumjibu. Alikuwa akikaa muda mrefu kuliko wakati wa kisima.

Yule mchukuzi alishangaa kuliko sisi. Aliposhusha madebe siku ya tatu alisema nyuma ya mlango, "Bi mkubwa, nimepandisha bei, kila nyumba imepunguza. Kahawani hawakupunguza, nawaelewa. Nyumba hii imeongeza. Mna nini humo ndani, shamba la mpunga?"

Mama mkwe akamwambia ashushe madebe, aondoke na punda wake.

Ilikuwa wiki ya mwisho. Imamu alikuwa asafiri Jumamosi. Jumatano alikuja mwenyewe, akakaa karakanani kwenye ubao, nasi tukiwa juu tukasikia. Alisema kwa upole kwamba kusafiri bila ya kumwachia yeye msikiti kutamwacha na kitu moyoni, lakini watu wana kazi zao, na wazee wamempa mpaka kesho. Kesho alasiri ikikimiwa naye hayupo, basi.

Baba mkwe alijibu, "Nitakuja." Kisha akasema, "Niombee nije."

Jioni hiyo mama mkwe hakula vizuri. Mimi nilikaa nikifikiri. Sikuweza kumsomesha baba mkwe. Yeye ndiye aliyekuwa akinisomesha mimi mlango wa tohara kila Ijumaa, na alijua kuliko mimi kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji. Kibaba kile kile tunachopimia nafaka, vinne ndivyo pishi ya zaka ya fitri. Elimu ilikuwa kichwani mwake, imekamilika. Haikushuka mikononi.

Nikakumbuka Ndau. Mtu akikupa maji ya fungu lake kutoka jabiani, huyamwagi. Hakuna aliyekukataza, mkono wenyewe hauendi. Nikajiuliza ni siku gani baba mkwe alipewa maji. Ya kisimani alichota tu. Ya majirani yaliletewa nyumba nzima, si yeye. Ya bahari yalikuwa ya kila mtu. Ya debe aliyanunua. Hapakuwa na maji yoyote kati ya hayo yaliyotoka mkononi mwa mtu kwa ajili yake.

Alhamisi, kabla ya alasiri, nilichukua kibaba cha bati kutoka kwenye gunia la mchele, nikakiosha, nikakijaza kutoka katika fungu langu la kuogea, mpaka ukingoni. Nikashuka nacho kwa mikono miwili. Baba mkwe alikuwa ameshakaa kwenye kigogo chake chooni, mikono ya kanzu imekunjwa, madebe yake matatu yamejaa ubavuni. Mlango ulikuwa wazi. Adhana ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

"Baba," nilimwambia, "haya ni fungu langu la leo. Nimekupa utawadhie, nami nipate thawabu."

Alitazama kibaba, akatazama madebe. "Ninayo yangu, mwanangu."

"Najua, baba. Hayo umeyanunua. Haya umepewa."

Nilikiweka karibu na mguu wake, nikarudi kukaa kwenye ngazi, uso nimeugeuzia ukutani kwa adabu. Nilikuwa nikisikia tu. Kisha nikasikia amesema bismillahi, na maji yakaanguka kidogo, kwa sauti ya maji ya Ndau.

Aliosha viganja. Alisukutua. Alipofika usoni alisita, na mimi nikajua wasiwasi umemjia, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa akirudi mwanzo siku zote. Nikasubiri nisikie kopo likizama debeni. Halikuzama. Akaendelea. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Alipangusa kichwa. Kwenye mguu wa kulia alikawia, nikasikia anausugua kwa kidole katikati ya vidole, pole pole, kama anayepiga msasa. Kisha kibaba kikagonga sakafu, kitupu.

"Yamekwisha," alisema.

Ulikuwa umebaki mguu wa kushoto. Mimi sikuwa na maji mengine. Fungu langu lililobaki lilikuwa juu, na mpaka nipande na kushuka ingekuwa kuchelewa. Na nilijua, naye alijua, kwamba akichota kopo moja tu katika debe lake kumalizia mguu, hatakomea hapo. Angechota la pili kuhakikisha la kwanza. Nikageuka, nikaona mkono wake umetoka. Ulikuwa unakwenda kwenye debe.

Nyuma yangu nikasikia leso inapita. Mama mkwe alikuwa amesimama juu ya ngazi muda wote ule, mkononi ana kikombe chake cha maji ya kunywa, alikuwa bado hajakinywa. Akanipita, akaingia, akainama, mtu mzima yule mwenye magoti mabovu, akaushika mguu wa mumewe kwa pindo la leso, ngozi isiguse ngozi udhu ukatenguka, na kummiminia mara tatu kwa mkono wa pili.

"Na haya yangu," alisema. "Tatu. Nimehesabu mimi. Siku ya Kiyama waniulize mimi. Sasa nenda."

Baba mkwe aliinuka. Hakuchota. Alishusha mikono ya kanzu, akavaa ile kofia mpya, akatutazama sisi wawili kama mtu aliyetolewa mahali pa kina, akatoka. Tulipanda mbio dirishani, mama mkwe akilaani magoti yake. Tukamwona anavuka uchochoro kwa mwendo wa kawaida, kanzu kavu. Muuza kahawa alikuwa tayari yuko mlangoni mwa msikiti anajifuta mikono. Akamwona, akarudi nyuma, akampisha.

Kisha ikama ikakimiwa, na takbiri iliyofuata ilikuwa ya sauti tuliyoijua.

Mama mkwe alisikiliza mpaka wakatoa salamu. Tulisikia takbiri na salamu tu, maana alasiri haisomwi kwa sauti, lakini ilitutosha. Kisha akaniambia, "Sina maji ya kunywa." Nikampa yangu.

Jioni baba mkwe aliniita karakanani. Nilidhani atanikemea kwa kumwingilia. Alikuwa ameshika kibaba, anakigeuza geuza mikononi kama anayetafuta maungio. Aliniuliza kama ni baba yangu aliyenifunza hila ile. Nikamwambia hapana, sikujua kama ni hila.

"Ubao huu," alisema, akigonga meza yake, "nikijua ni mmoja tu, na mwenye nao ameuleta kwa mkono wake, sikosei. Nikiwa na mbao kumi ndipo ninapoharibu." Akanirudishia kibaba. "Kesho kitakuwa cha nani?"

Kesho yake kilikuwa cha mama mkwe, na keshokutwa cha mwanawe. Imamu alisafiri Jumamosi akiwa ameacha msikiti mikononi mwake, na miezi mitatu ile ikama haikumkosa hata mara tano. Sisemi haikumkosa kabisa. Wasiwasi si chawa wa kuokota ukamtupa; kuna siku ulimrudia, kuna siku muuza kahawa aliitwa, na baba mkwe alirudi nyumbani ameinamisha kichwa akatuomba kesho tena. Tulimpa kesho tena. Madebe yale matatu aliyapeleka mwenyewe kwa mjane wa nyuma, na tangu hapo hakujinunulia mengine.

Masika yalipokuja, fundi alipata mawe yake, kisima kikajengwa upya na kufunikwa kwa mfuniko ambao baba mkwe aliutengeneza kwa mvule, paka asiingie hata akiazimia. Mchukuzi akarudisha debe kwa peni moja. Ngazi zilianza tena kuoshwa, asubuhi tu, jioni zilisahauliwa. Asumini haikurudi kwenye maji safi, ilikuwa imezoea ya mchele. Samaki walirudishwa birikani, na niliwaamkia.

Kibaba hakikurudi kwenye gunia la mchele, tulinunua kingine. Kila siku kabla ya alasiri mmoja wetu alikijaza kutoka kisimani, ambako sasa maji yalikuwa bure tena, akakipeleka kwa mikono miwili na kusema ni fungu lake. Baba mkwe alijua kisima kimejaa. Sisi tulijua anajua. Alikipokea vile vile, kama kitu cha thamani, na akimaliza alikuwa akikifudikiza kwenye ngazi ya kwanza.

Nilikaa katika nyumba ile miaka mingi, na Mwenyezi Mungu alinipa humo watoto na riziki. Lakini nikiulizwa neema, kitu kinachonijia kwanza ni hicho: kushuka ngazi wakati wa alasiri, kukuta kibaba kimefudikizwa, bado kina unyevu, na kujua kwamba ameshavuka uchochoro.